Jina WILIBROD: maana yake nini na lilitoka wapi? Nataka kumpa mwanangu, waifu amegoma

mtoto_wa_kihamba (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Mimi ni mtu wa Kibosho, Kilimanjaro, ila maisha yangu yako Arusha, huku Sakina. Siku kumi na nane zilizopita tumepata mtoto wa kiume, ndo wa kwanza, na wenzangu wa mlimani mnajua hapo hakunaga mjadala, wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba, wa pili ndo anaenda kwa babu mzaa mama. Sasa marehemu mzee wangu alikua anaitwa Wilibrod. Kasheshe imeanzia hapo.

Waifu ni mzaliwa wa hapa hapa mjini, Ngarenaro, mama yake Mwarusha wa Ilboru. Anasema hana ugomvi na baba mkwe, na ni kweli, mzee alivyougua mwisho mwisho huyu ndo alikua anamlisha uji kwa kijiko mimi nimesimama pembeni kama nguzo ya umeme. Ila jina hataki. Anasema mtoto akifika chekechea wataanza kumuita Blenda. Na mtaani washaanza kulivuruga, juzi dada wa dukani kaniandika kwenye daftari la madeni "Baba Wilfred".

Kilichonimaliza ni swali moja. Saa nane usiku, mtoto analia tumbo, mmoja anashika khanga mwingine anashika maji ya moto, akaniuliza "haya niambie basi, lina maana gani?" Nikakaa kimya. Mwaka wa thelathini na nne huu natembea na hilo jina katikati ya vyeti vyangu na sijui hata kama ni la Kijerumani, Kilatini au ni la padri fulani aliyewahi kukaa pale misheni.

Na vyeti vyenyewe ndo usiseme. Cha kuzaliwa Wilbrod, cha darasa la saba Wilibrod, fomu foo wakaongeza A ikawa Wilbroad. Mwaka juzi nilikwama kwenye ofisi moja sitaitaja, dada akaniangalia kwa juu ya miwani akasema "kaka hawa ni baba watatu, chagua mmoja." Hati ya kiapo, mhuri, nenda rudi kesho, wiki tatu zikaisha. Kwahiyo jina nalipenda ila linanitia na hofu, sitaki dogo arithi ule mzigo.

Anayejua asili yake, maana yake, na kama kuna watu bado wanawapa watoto, ashushe nondo.

Chalii_wa_Kijenge

BLENDA hahahahaaa. Ebana hongera sana. Ila usiseme jina halijulikani, Dokta Slaa ni nani kwani? Mbunge wa Karatu tangu 1995 mpaka 2010, na 2010 hiyo hiyo akagombea urais kwa CHADEMA akawa wa pili nyuma ya Kikwete. Mwaka ule hapa Arusha ukitaja Wilibrod hata muuza mahindi ya kuchoma anajua unamsema nani. Shemeji alikua wapi?

mtoto_wa_kihamba

Alikua darasa la tano mkuu. Na nimempa hoja hiyo hiyo, jibu lake: "huyo ni Dokta Slaa, nani alikua anamuita Wilibrod?" Nikanywea. Na hata kwa huyo magazeti hayakuwahi kuelewana, leo Wilbrod kesho Willibrod keshokutwa Wilbroad.

kalenda_ya_ukutani

Hongera kwa mtoto mkuu. Mimi nilipita seminari miaka michache kabla sijapata wito wa ndoa, hili jina nalifahamu kidogo.

Kwanza sio la Kilatini na sio la Kijerumani kama wengi wanavyodhani. Ni la Kiingereza cha kale, kile ambacho Mwingereza wa leo ukimsomea haambulii kitu. Kwa ukamilifu wake ni Willibrord, kuna R mbili pale nyuma, moja sisi tuliimeza zamani na hakuna aliyeitafuta. Limeungwa kwa maneno mawili. "Willi" ni nia, dhamira, ile ya mtu akitaka kitu anakitaka kweli. "Brord" ni ncha, na hasa ncha ya mkuki. Ila utamu uko hapa, neno hilo hilo brord walilitumia pia kwa ile ncha ya kijani ya nafaka inapotoboa udongo. Wewe wa kihamba, shamba la nyumbani, unaijua, mahindi siku chache baada ya kupanda, shamba jeusi lote alafu asubuhi moja unaona vijisindano vya kijani. Hiyo ndo brord. Kwahiyo nia na mkuki, au nia na chipukizi, chagua mwenyewe.

Watu wa kale kule walikua wanaunga majina hivyo, kipande na kipande, bila lazima itoke sentensi. Ndo maana ukoo wa Wil ni mkubwa. William imetoka Wilhelm, nia na kofia ya chuma ya vita. Wilfred ni nia na amani. Wilibald ni nia na ujasiri. Ni ndugu lakini kila mtu na nyumba yake, kwahiyo huyo dada wa dukani mwambie amekuandikia deni la mtu mwingine.

Na kichekesho ni kwamba Mtakatifu Wilfrid, mwenye hilo jina la Wilfred, na Willibrord walijuana kabisa. Mtakatifu Willibrord kazaliwa mnamo 658 huko Northumbria, kaskazini ya Uingereza, na akiwa bado mdogo sana baba yake Wilgils akampeleka kwenye monasteri ya Ripon, iliyokua ya huyo huyo Wilfrid. Baadae akaenda kusoma Ayalandi miaka 12. Mwaka 690 akavuka bahari na wenzake kumi na moja kwenda kwa Wafrisia, sehemu ambayo leo ni Uholanzi. Mwaka 695 Papa Sergio wa Kwanza akamweka wakfu pale Roma awe askofu mkuu wa Wafrisia, kiti chake kikawa Utrecht, na siku hiyo Papa akampa jina jipya, Clemens. Umeona hiyo? Hata Roma walijaribu kumtafutia jina jepesi! Halikushika, miaka 1,300 baadae wewe unalia Sakina kwa Wilibrod na sio kwa Clemens.

Mambo hayakua laini. 716 mtawala wa Wafrisia, Radbod, alirudisha nguvu, makanisa yakachomwa, mapadre wakakimbia na Willibrord akakimbia. Radbod kafa 719, mzee wa miaka sitini na kitu akarudi akaanza moja. Akafariki 7 Novemba 739 kwenye monasteri aliyoianzisha mwenyewe Echternach, leo ni Luxemburg, na amezikwa hapo hapo. Sikukuu yake ndo hiyo tarehe 7 Novemba.

Sasa swali kwako mleta uzi: marehemu alizaliwa au kubatizwa mwezi gani?

mama_mtori

Nyie wanaume hamna hata huruma, mzazi ana siku kumi na nane mnamshushia Papa Sergio. Acheni anywe mtori kwanza.

Mdogo wangu naongea kama mama. Kaka yangu ni Wilbard, maisha yake yote watu wanamuita Wilbrod, na rafiki yake wa Rombo ni Wilbrod watu wanamuita Wilbard, wote wawili nyumbani ni Wili na hakuna aliyekufa. Utani wa shule haukimbiwi kwa jina. Mimi wangu nilimwita Jayden nikajua nimewakomesha. Nimefika kikao cha wazazi, darasa moja wako wanne! Mwalimu anawaita Jayden mrefu, Jayden wa Njiro, Jayden mbili, na wangu eti ni Jayden kandambili kwa sababu siku moja tu alienda na kandambili mvua ilikua inanyesha. Huyo Blenda wenu angalau akiitwa atageuka peke yake.

Meku_wa_Uru

Nawasoma tangu mwanzo nacheka kwa huzuni. Mnabishana R moja au R mbili za mtu wa Northumbria. Mlimani tuna majina yetu. Aikaruwa, unamshukuru Ruwa, Mungu mwenyewe, unaelewa hata bila kamusi. Askofu mkuu wa Dar es Salaam, mtoto wa Kilema, anatembea na Ruwa'ichi yake mpaka Vatikano na hakuna aliyemuita Blenda. Walutheri nao walijiongeza mapema, Elinami, Elirehema, Elibariki, mbele Eli ya Kiebrania nyuma maneno ya watu. Sisi Wakatoliki ndo tulikua tunasubiri padri afungue kalenda, ukizaliwa siku ya Polikapi unaitwa Polikapi, ukizaliwa siku ya Apolinari basi mama yako atajua jinsi ya kulitamka huko mbele ya safari.

Mleta uzi, mzee wako lazima alikua na jina la nyumbani. Tafuta hilo, mpe mtoto.

kalenda_ya_ukutani

Meku hoja yako naiheshimu na sehemu kubwa nakubaliana. Ila desturi ya kwetu inasema mtoto apewe jina la babu, haisemi jina la babu liwe la lugha gani. Akimpa jina ambalo babu hakuwahi kuitwa na mtu, hapo karithi nini?

Chalii_wa_Kijenge

Hapo Meku umebanwa. Ila kalenda, huyo mtakatifu wako alifanya muujiza gani? Isije kuwa tunampa dogo jina la mtu wa vikao tu.

kalenda_ya_ukutani

Hahaha. Maisha yake aliyaandika Alcuin, mtu wa ukoo wake, kama nusu karne hivi baada ya kufa kwake. Humo kuna mbili nazipenda. Moja, mama yake kabla hajajifungua aliota mwezi mchanga angani unakua taratibu mpaka ukawa mpevu, alafu ukashuka ghafla ukamwingia mdomoni, kifua chote kikawaka mwanga. Ya pili ni ya watu wa mbege, pombe yetu ya ndizi: alienda kukagua stoo ya monasteri akakuta pipa limebaki divai kidogo sana, akachovya fimbo yake akabariki akaondoka. Usiku ule divai ikapanda mpaka ikamwagika sakafuni. Mtunza stoo akamkimbilia kumwambia, akaambiwa funga mdomo mpaka nife.

Alafu kuna ngoma yake. Kila mwaka Jumanne baada ya Pentekoste watu wanajaa Echternach, wanajipanga mistari, kila mtu kashika ncha ya kitambaa cheupe na mwenzake kashika ncha nyingine, bendi inapiga wimbo mmoja huo huo kuanzia asubuhi, na wanaruka mguu huu mguu ule mpaka wanaingia kanisani kupita kaburini kwake. Zamani ilikua hatua tatu mbele mbili nyuma, fikiria kufika sasa. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi 2010. Watu walikua wanaenda pale hasa kuombea ugonjwa wa kifafa.

Kuhusu umaarufu, huko Uholanzi makanisa yenye jina lake ni mengi na Wakatoliki wana tafsiri ya Biblia inayoitwa kwa jina lake, lakini kichanga cha leo kupewa Willibrord ni nadra, utalikuta kwa vibabu, tena limekatwa linabaki Wil au Brord. Kwetu mimi nimekutana na kina Wilibrod Kibosho, Rombo, Karatu na Bukoba, na karibu wote wamenizidi umri.

mtoto_wa_kihamba (mleta uzi)

MREJESHO

Samahani nilipotea. Swali la mwezi lilinikaa kichwani, Jumamosi nikapanda gari la Moshi, stendi nikachukua Noah ya Kibosho, tulikua watu kumi na mmoja na jogoo, saa tano niko nyumbani. Mama alikua anamenya ndizi. Nikamwambia nataka kuona karatasi za baba. Hakuuliza kwa nini, akanawa mikono, akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, lile la bati, kutu mpaka kwenye kifuniko.

Ndani kuna risiti za kahawa za ushirika, picha ya baba ana nywele (sijawahi kumuona ana nywele), na kadi ya ubatizo imekunjwa nne, kwenye mikunjo imeanza kuachia. Wino umegeuka rangi ya chai. Imeandikwa Willibrordus, na -us ya Kilatini na R zote mbili zipo wakuu. Kabatizwa 11 Novemba 1951. Kalenda ulijuaje!!

Nikamuuliza mama mbona Novemba. Akasema alivyosimuliwa na mama mkwe wake, bibi alitaka Paulo, ila mstari ule wa vihamba kulikua na kina Paulo watatu tayari na mmoja alikua na kesi ya mpaka na babu. Padri akafungua kitabu akasema wiki hii tuna huyu. Bibi hakuweza kulitamka mpaka anakufa, alikua anasema Wiliburodi, na mama naye anasema hivyo hivyo Wiliburodi, na ghafla nikakumbuka kwamba baba mwenyewe akijitambulisha kwenye msiba au kikao alikua anasema "naitwa Wiliburodi" polepole, kama mtu anayeshuka ngazi. Kwahiyo Meku_wa_Uru nakujibu hivi, jina la nyumbani nimelitafuta na lenyewe ndo hilo. Mama anasema lile la Kichagga lilikuwepo la utotoni, alilisikia mara moja tu, siku ya kutoa mahari.

Nikazunguka nyuma kwenye makaburi, nikang'oa ng'oa majani. Msalaba wa baba umeandikwa WILBROAD. Nimelipa mimi ule msalaba na sikuwahi kuona. Fundi alichaji kwa herufi, ile A tulilipia.

mama_mtori

Nimecheka na machozi. Na mama mtoto anasemaje sasa?

mtoto_wa_kihamba (mleta uzi)

Kumbe alikua anausoma huu uzi kimya kimya tangu Jumapili, ana akaunti humu, sitamtaja maana sasa hivi amenikalia hapa ananiangalia naandika. Niliporudi usiku nimebeba ndizi na kopo, akaniambia "mkuki sitaki, ila ile ya mahindi kutoboa udongo naikubali." Kwahiyo kwake yeye mtoto ni chipukizi.

Tukampigia mama mkwe Ilboru, tukaweka laudspika. Waifu akamweleza, mama tunataka kumuita Wilibrod, ni kitu kama chipukizi. Mkwe kimya. Mimi nikaropoka, pia ni ncha ya mkuki mama. Akasema "Mkuki? Sasa mlikua mnabishana nini wiki tatu zote hizo na jina la mwanaume mnalo?" Akakata simu. Huyu ni mama ambaye miaka minne ya ndoa hajawahi kukubaliana na mimi hata bei ya nyanya.

Masharti niliyopewa ni mawili. Mosi, wa pili akiwa wa kiume ni jina la baba yake, sina pingamizi, ndo desturi yenyewe. Pili, tahajia anachagua yeye. Kaikataa Willibrordus kasema hiyo ni ya padri, kaikataa ya A kasema hiyo ni ya fundi. Tumekaa na Wilibrod, herufi nane, kama kinavyosema cheti changu cha darasa la saba. Jana nimeenda kuandikisha, nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, nikamsomea yule kaka herufi moja moja, alafu nikaomba anisomee yeye. Akaniuliza "mzee ni ya Dokta Slaa eh?" Nikamwambia ndio, ya kwake, ila ondoa A.

Meku_wa_Uru

Nimeshindwa kwa haki. Ila akianza kuongea mfundishe Kichagga, mtakuta anaulizwa jina anasema Wilibrod alafu salamu ya babu yake haijui.

mtoto_wa_kihamba (mleta uzi)

Hilo limeshaanza bila mimi mkuu. Mama akipiga simu asubuhi haulizi mtoto, anauliza "Meku ameamka?", yaani mzee. Na mimi kumuita kwa jina bado nashindwa, mdomo unakataa, namuita baba.

Chalii_wa_Kijenge

Hongera sana Baba Blenda. Pipa la mbege tunakuja kulichovya fimbo lini?